Kila Kitu Tulikiita Mtandao: Kisa cha Laptopu Tatu za Ngamiani

"Shikamoo kaka. Mtandao umekataa tena."

Simu iliingia baada ya magharibi. Mvua ya masika ya 2023 ilikuwa inapiga mabati ya Ngamiani, Tanga, kwa nguvu, ikabidi arudie mara mbili ndipo nimsikie. Nikaitikia marahaba, nikamwambia anunue kifurushi kingine. Akanunua. Asubuhi mtandao ukakataa vilevile. Ilituchukua siku tisa kujua kwamba mtandao haukuwa umekataa chochote, na kwamba katika matatizo yote tuliyoyabebesha jina hilo, ni moja tu lililokuwa lake kweli.

Hali ilikuwa hivi. Vijana watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, walikuwa wanatengeneza tovuti ya historia ya Tanga: magofu ya Tongoni, mapango ya Amboni, boma la Wajerumani, reli iliyoanza kujengwa hapa 1893, mkonge ulioingia mwaka huohuo. Kazi ya kujitolea, mfadhili hakuna. Chumba chao kipo nyuma ya duka la spea za baiskeli, mali ya mama mmoja ambaye hataki kodi. Anataka tu mjukuu wake afundishwe hesabu. Laptopu tatu, zote za mtumba. Mimi nakaa Chumbageni na riziki yangu ni kutunza mifumo ya watu, basi wakaniomba niwasimamishie mazingira ya kutengenezea. Yaani tovuti nzima iishi ndani ya kila laptopu, mtu aharibu na kurekebisha kwake mwenyewe, bila kugusa ile itakayoonekana na watu.

Kati ya hao watatu, mmoja anashughulika na sura ya tovuti. Nitamwita mchoraji, na ndiye aliyepiga simu. Mwenzake anaandika na kupitia makala. Huyo ni mhariri. Kijana anajifunza mambo ya seva.

Nilichagua Plone 6. Ni mfumo huria wa kusimamia maudhui, umeandikwa kwa lugha ya programu ya Python, una umri wa zaidi ya miaka 20, na toleo la 6 lililotoka Desemba 2022 lilikuja na sura mpya ya mbele iitwayo Volto, iliyoandikwa kwa React, zana ya kutengenezea kurasa za wavuti. Wapo watakaosema WordPress, mfumo mwingine wa tovuti, ingetosha. Pengine. Ila tulitaka kupanga kwa undani nani aandike, nani apitie na nani achapishe, na hilo Plone wanalo tangu zamani, huhitaji kubandika programu-jalizi kumi kulipata.

Jambo moja lazima lieleweke mwanzoni, la sivyo kisa kizima hakitaeleweka: Plone ya namna hii ni programu mbili. Chukua duka lilelile la spea. Lina kaunta na lina stoo. Stoo ni upande wa nyuma, ule wa Python, unaokaa mlango 8080 (mlango, yaani port, ni namba ambayo programu husikilizia); humo ndimo makala, picha na majina ya watumiaji yanamohifadhiwa. Kaunta ni Volto, inaendeshwa na Node.js, programu ya kuendeshea msimbo wa JavaScript, inakaa mlango 3000. Mteja haingii stoo. Anasimama kaunta, anaagiza, muuzaji anakwenda nyuma kumletea. Kaunta ikiwa wazi na muuzaji haoni njia ya stoo, mteja atatazamana naye tu.

Kifurushi kinachokula kifurushi

Tatizo la kwanza lilikuwa la mtandao kweli, na nalipitia mbio. Volto haiji peke yake. Inaita vifurushi vya programu, kila kifurushi kinaita vingine, na mwisho wa siku unashusha mamia ya megabaiti kabla hujaandika mstari mmoja. Kijana akafanya hivyo kwa bando la simu. Likakata katikati. Akanunua jingine. "Kaka, kifurushi kimekula kifurushi," akaniambia, na hadi leo sijapata namna fupi kuliko hiyo ya kueleza kinachotokea mtu akiandika yarn install, amri ya kushusha vifurushi hivyo, hapa kwetu.

Dawa yake inajulikana: shusha mara moja mahali penye intaneti ya uhakika, kisha gawa. Nilichokosea ni kugawa kitu kisichogawika. Nilinakili folda ya node_modules, vinamokaa vifurushi vilivyoshushwa, kama ilivyo kwenye flashi. Kwanza ilichukua muda wa kwenda Pongwe na kurudi, maana ni mafaili madogo makumi ya maelfu. Pili, flashi ilikuwa na mpangilio wa FAT32, ambao haujui viungo vya mkato vya Linux, mfumo endeshi wanaoutumia, na folda ya .bin imejaa viungo hivyo. Ikafika Ngamiani imevunjika. Mara ya pili nikabeba akiba ya Yarn badala yake, yaani zile nakala za zip anazojiwekea baada ya kushusha, pamoja na faili la yarn.lock. Kila laptopu ikajisakinishia yenyewe kutoka kwenye akiba, haikushusha tena. Upande wa Python nikafanya vilevile kwa pip download, amri ya kushusha vifurushi vyake, nikijua mashine zote tatu zina Python 3.9, zingetofautiana, baadhi ya vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa visingekubali.

Huo ndio mtandao. Ukaisha hapo, siku ya tatu. Ubaya ni kwamba ulishatuzoesha. Kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa lake, kila kosa lililofuata tukalimwagia yeye.

Toa modemu

Siku ya nne stoo zote tatu zilikuwa zinawaka. Laptopu ya kijana ikafungua tovuti kwenye mlango 3000 bila matata. Ya mchoraji ikaleta ukurasa wa kuomba radhi: upande wa nyuma haujibu, huenda kuna tatizo la muunganisho. Na kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, mstari mmoja ukawa unajirudia kila akifungua upya:

Error: connect ECONNREFUSED ::1:8080

Akatafsiri kama ambavyo mtu yeyote angetafsiri. Kuunganishwa kumekataliwa. Mtandao umekataa. Na ukurasa wenyewe si umetaja muunganisho? Akabadilisha laini. Akasogeza modemu dirishani. Siku moja alipakia laptopu kwenye kapu la baiskeli, akaendesha mpaka Raskazone kufuata mnara wenye nguvu, akakaa chini ya mti akifungua na kufunga ukurasa uleule. Mimi kwenye simu nilikuwa namtia moyo. Sijivunii.

Siku ya sita nikaenda mwenyewe. Mama mwenye duka akatuletea chai na mahamri, akauliza kama mtandao wetu umepona, nikamjibu bado unaumwa. Nikakaa pembeni ya mchoraji.

"Toa modemu."

"Kaka, nikitoa si ndiyo hakuna kabisa?"

"Toa."

Akaichomoa, akaishika mkononi kama mtu aliyeambiwa azime jiko ugali ukiwa juu. Nikamwambia afungue kivinjari aandike localhost:8080. Plone ikafunguka, na makala mbili alizoweka mhariri zikaonekana. Akatazama modemu mkononi, akatazama kioo.

"Hii inatoka wapi sasa?"

"Imo humuhumu."

Hapo ndipo nilipoona neno lenyewe linavyotuzuga. Kwa Kiswahili cha kila siku, mtandao ni intaneti, ni mnara wa simu, ni kampuni ya laini, ni Facebook, ni mashine ya benki ikigoma. Ukisema mtandao umekataa, hakuna atakayeuliza upi. Lakini programu mbili zilizo kwenye laptopu moja nazo huzungumza kwa njia ileile zinayotumia kuzungumza na seva ya Marekani, na zikishindwana hutoa kosa lilelile, kwa maneno yaleyale. Anayekataa anaweza kuwa yuko ng'ambo ya bahari au yuko ndani ya mashine hiyohiyo. Kosa halibadilishi sauti. Unachotakiwa kutazama ni anwani iliyoandikwa mwishoni. Na sote wawili tulikuwa hatujaitazama.

Ikabaki fumbo. Stoo ipo, kivinjari kinaiona. Kwa nini kaunta haiioni, nao wako nyumba moja? Nusu siku nzima ikapotea hapo, nami ndiye niliyeipoteza. Nikawasha na kuzima. Nikatafuta ukuta wa moto (firewall) ambao haukuwepo. Kijana akawa anarudia lile neno ambalo kila mtu wa kazi hii ameshalisema: "Mbona kwangu inakubali?" Mafaili yaleyale, mpangilio uleule. Tofauti moja tu tuliiona mapema: yeye ana Node 16, mchoraji ana Node 18. Nikaipuuza, kwa sababu Volto tuliyokuwa nayo, ya 16, inazikubali zote mbili.

Aliyetufungua macho ni mchoraji. "Kaka, hizi nukta mbilimbili hapa mbele ni za nini?"

Kompyuta ina anwani mbili za kujiita yenyewe. Moja ni ya zamani, 127.0.0.1. Nyingine ni ya IPv6, mpangilio mpya wa anwani, nayo inaandikwa ::1. Jina localhost kwenye Debian, aina ya Linux tuliyoitumia, linaelekeza kwa zote mbili. Fungua faili la /etc/hosts utaziona. Hadi toleo la 16, Node ilikuwa inapanga yenyewe majibu, ile ya zamani inatangulizwa. Kuanzia Node 17, iliyotoka Oktoba 2021, ikaacha kupanga, ikawa inachukua kwa mfuatano inaopewa na mashine. Tukaandika kwenye laptopu zote mbili:

node -e "require('dns').lookup('localhost', console.log)"

Kwa kijana likatoka 127.0.0.1. Kwa mchoraji likatoka ::1. Kisha tukaandika ss -ltn kuona stoo inasikiliza wapi. Mstari mmoja tu: 127.0.0.1:8080. Kwenye ::1 hakukuwa na mtu.

Na kwa nini hakukuwa na mtu? Kwa sababu mimi ndiye niliyeandika hivyo. Nywila ya msimamizi kwenye laptopu hizo ni admin, jina lake pia admin, nami sikutaka mtu aliyeunganishwa Wi-Fi moja na sisi ajiingilie tu. Kwa hiyo kwenye usanidi wa Zope, seva inayoibeba Plone, nikafunga stoo isikilize 127.0.0.1 peke yake. Sababu nzuri, ningeirudia leo. Halafu nilipofika kwenye faili letu la kuwashia kaunta, washa.sh, mkono kwa mazoea ukaandika localhost. Upande mmoja namba, upande wa pili jina. Ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa jina la ukoo kwenye mtaa wenye nyumba mbili za ukoo huo. Kivinjari ni mgeni mwerevu: akikataliwa ya kwanza anagonga ya pili, na ndiyo maana kilituficha kosa. Node 18 hugonga moja, ikaambiwa hayupo, ikarudi kutoa taarifa. Tangu Node 20 nayo imejifunza kugonga zote mbili, kwa hiyo anayeanza leo anaweza asikutane na hili kabisa.

Marekebisho yalikuwa mistari miwili ndani ya washa.sh:

export RAZZLE_INTERNAL_API_PATH=http://127.0.0.1:8080/urithi
export RAZZLE_DEV_PROXY_API_PATH=http://127.0.0.1:8080/urithi

Mstari wa kwanza ni njia anayoitumia Volto mwenyewe anapoandaa ukurasa kabla ya kuutuma kwa kivinjari. Wa pili ni njia ya maombi yanayotoka kwenye kivinjari yakipitia kaunta. Na hilo /urithi mwishoni msilidharau. Volto asipoambiwa lolote hudhani tovuti iliyomo stoo inaitwa Plone. Sisi tuliipa jina la urithi. Ukikosea hapo mlango unafunguka vizuri tu, ila unaambiwa ukurasa haupo, na utaanza kutafuta kosa kwenye makala wakati liko kwenye jina. Vigezo hivi vinasomwa wakati wa kuwasha, kwa hiyo lazima uzime kaunta uiwashe upya. Kubadilisha faili pekee hakutoshi.

Akawasha. Ukurasa wa mbele ukaja, modemu ikiwa bado juu ya meza karibu na sahani ya mahamri.

Hakuna nafasi

Ningependa kuandika kwamba kazi ikaendelea. Iliendelea, lakini vibaya, na hili la pili lilinisikitisha kuliko la kwanza kwa sababu hakuna aliyelilalamikia.

Mchoraji alikuwa anatengeneza ukurasa wa mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Wazo lake lilikuwa zuri: hiyo 62 ikae katikati ya ukurasa, kubwa, kwa rangi ya jani la mkonge, lile lenye kijani kilichopauka. Rangi hiyo ni ngumu kuipata. Unajaribu, unatazama, unapunguza, unatazama tena. Katika mazingira ya kutengenezea, ukihifadhi faili, Volto inatakiwa ione mabadiliko na kuusasisha ukurasa yenyewe baada ya sekunde chache.

Kwake hakikutokea kitu. Alihifadhi, rangi ikabaki ileile. Akazima kaunta, akaiwasha, akasubiri. Mashine yake ina RAM ya gigabaiti nne, kusubiri kwenyewe ni kumaliza kikombe cha chai. Rangi mpya ikaja, haikumpendeza. Akazima tena. Kwa siku mbili alifanya kazi hivyo. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akajibu, "Nilidhani ndivyo ilivyo." Na alikuwa na haki, kwa maana mimi sikuwahi kumwambia kwamba ukurasa unatakiwa kubadilika wenyewe. Mtu hawezi kulalamikia kukosa kitu asichojua kwamba ni chake.

Kosa lenyewe lilikuwepo kwenye terminali, juu kabisa, limesukumwa na mistari mingine:

Watchpack Error (watcher): Error: ENOSPC: System limit for number of file watchers reached

Aliliona siku ya kwanza. Akalipiga picha, ila picha ikakata mwisho wa mstari, ikabaki ENOSPC. Akamtumia binamu yake aliyeko Dar kwenye WhatsApp. Binamu akajibu upesi na kwa uhakika: hakuna nafasi, futa vitu. Wala hakudanganya. ENOSPC ni kosa namba 28 la Linux, na maana yake iliyoandikwa ni kwamba nafasi imekwisha kwenye kifaa. Basi mchoraji akafuta. Filamu kwanza, kisha picha, na mwisho video ya send-off ya dada yake. Akawasha tena, ENOSPC ikamkaribisha.

Nilipofika nikaandika df -h. Diski ilikuwa na gigabaiti 31 tupu.

Neno letu nafasi linasaidia hapa kuliko la Kiingereza, kama ukiligeuza upande wa pili. Nafasi ni eneo tupu, ni kweli, lakini nafasi ni zile za kazi pia, zinazotangazwa na kujazwa. Linux ina utaratibu uitwao inotify, ulioingia kwenye kerneli, kiini cha mfumo, mwaka 2005, ambao programu huutumia kuweka walinzi juu ya mafaili: faili likiguswa, mlinzi anatoa taarifa. Kila mtumiaji wa mashine ana idadi ya walinzi anaoruhusiwa. Zikijaa nafasi hizo, anayeomba mlinzi mwingine anajibiwa ENOSPC. Waliotengeneza walitumia namba ya kosa iliyokuwepo tayari. Diski haihusiki hata kidogo.

Kwenye Debian 11, kerneli yake 5.10, idadi ya kawaida ni 8192. Unaiona kwa cat /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches. Kuanzia kerneli 5.11 hesabu hiyo inapangwa kwa kutazama RAM, kwa hiyo mashine mpya hazipati tabu hii mara kwa mara. Sasa weka 8192 mbele ya mradi wenye mafaili makumi ya maelfu. Na walinzi hao si wa Volto peke yake. Mgao ni wa mtumiaji, programu zote zinagombania. Mchoraji alikuwa amefungua VS Code, programu ya kuandikia msimbo, mapema, na si kwenye folda ya mradi. Alikuwa amefungua folda yake nzima ya nyumbani, yenye kila kitu tangu aanze chuo. VS Code ikajichukulia walinzi, Volto ilipoamka ikakuta zimebaki nafasi chache.

Sikutaka aniamini tu, baada ya lile la modemu. Tukafunga VS Code. Tukawasha kaunta upya. Akafungua faili la rangi kwa nano, kihariri kidogo cha maandishi, akabadilisha tarakimu mbili, akahifadhi. Alikuwa bado anatafuta pa kubofya kwenye kivinjari wakati ile 62 ilipobadilika yenyewe. Akacheka, kisha akanyamaza, nadhani akiihesabia ile video.

Tukaongeza nafasi:

echo fs.inotify.max_user_watches=131072 | sudo tee -a /etc/sysctl.conf
sudo sysctl -p

Maelekezo mengi yanakwambia uweke 524288. Sikuweka. Kila mlinzi anayetumika hula karibu kilobaiti moja ya kumbukumbu ya kerneli kwenye mashine ya biti 64, na nusu milioni ya hao wakiamka wote kwenye laptopu ya gigabaiti nne, utatatua jambo moja na kuanzisha jingine. Mwenye RAM ya kutosha aweke anachotaka. Na VS Code tukaifungulia folda ya mradi tu. Video ya send-off, tunashukuru, mpiga picha alikuwa bado anayo.

Umeme nao ulikatika mara tatu katika siku hizo, mara moja mhariri akiwa anahifadhi makala ya Tongoni. Aliogopa stoo nzima imeharibika. Haikuharibika. Plone huandika makala kwenye faili moja, Data.fs, na huandika kwa kuongeza mwishoni tu, haifuti ya nyuma. Ikiwashwa tena, kipande cha mwisho ambacho hakikukamilika hutupwa, kilichotangulia hubaki. Alipoteza aya moja. Kwa kweli hiyo ndiyo sababu ya pili ya mimi kupenda mfumo huu hapa kwetu, ingawa siitaji mbele ya watu wa React, wataniona mshamba.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu mhariri akauliza kwa sauti ya chini kama na yeye ukurasa wake unatakiwa kubadilika wenyewe. Yeye anatumia Windows, Linux imo ndani kwa WSL2. Naye alikuwa anazima na kuwasha tangu mwanzo, akidhani ni adhabu ya kutumia Windows. Kwake nafasi za walinzi zilikuwa tele. Tatizo ni kwamba alikuwa ameweka mradi kwenye /mnt/c, yaani kwenye diski ya Windows inayoonekana kutokea Linux, na taarifa za inotify hazivuki mpaka huo. Tukahamishia folda ndani ya nyumba ya Linux yenyewe, tukasakinisha upya kutoka kwenye akiba ya Yarn, ikakubali. Na kuwasha kaunta kukawa kwepesi kuliko zamani, maana kusoma mafaili madogo kupitia /mnt/c ni polepole mno.

Wiki iliyofuata simu ikaita tena, baada ya magharibi.

"Shikamoo kaka. Imekataa."

"Marahaba. Nini imekataa?"

"Ngoja nikusomee mstari. EADDRINUSE, halafu address already in use, halafu nukta mbili tatu, elfu tatu."

"Unadhani ni nini?"

Akanyamaza kidogo. Nikasikia baiskeli inapita nje na kengele yake. "Mlango elfu tatu una mtu."

"Nani?"

"Ni mimi mwenyewe. Kuna terminali nyingine sikuifunga."

Akakata simu kabla sijamjibu.